Nyimbo Sita Kabla ya Jumatatu

Daktari alimpa Kalunde habari hiyo siku ya Jumanne, akiandika, bila kuinua macho. Uvimbe wa kooni ulikuwa saratani. Jumatatu ijayo wangempasua na kukitoa kisanduku cha sauti, chote. Angepumua kupitia tundu la shingoni. Angekula, angetembea, angelima shamba lake huko Kalama kama zamani.

"Na kuimba?" Kalunde aliuliza.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, hata kusema hutasema."

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na ishirini kati ya hiyo aliipitisha akiimba. Aliimba kwenye harusi na matanga, kwenye harambee za shule, kwenye baa za Tala siku za soko, kwenye sherehe za wavuvi kule Masinga. Nyimbo alizitunga mwenyewe, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na zilikuwa zimesambaa kiasi kwamba aliwahi kumsikia mwanamke asiyemjua akiimba mmojawapo huku akifua nguo. Lakini hakuwahi kurekodi hata mmoja. Kila mwaka ulikuja na sababu yake: mara mtoto, mara ukame, mara kumuuguza mumewe, mara kumzika. Alidhani sauti haina haraka. Nani aliwahi kusikia sauti ikiisha kabla ya mwenyewe?

Alirudi Machakos akiwa ameshika karatasi ya hospitali mkononi, akaenda moja kwa moja kwa Urbanus, mpiga gitaa wake wa tangu ujana, akamkuta nyuma ya nyumba akirekebisha kiti. Akampa karatasi aisome. Urbanus aliisoma mara mbili. Halafu akasema, "Tuko na siku ngapi?"

"Tano."

"Basi tusikae."

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili, mwaka ambao mvua ilikataa kunyesha na mabwawa yakakauka hadi stima ikawa ya kugawiwa kwa zamu nchi nzima. Jumatano walikwenda Nairobi kwenye studio moja, Kalunde na bendi yake yote, wakakuta mlango uko wazi na ndani ni giza. Walikaa kwenye ngazi hadi jioni. Alhamisi wakarudi. Stima ikaja saa nane, Jeremiah akachomeka gitaa lake la besi, na kabla hajamaliza kulipatanisha, taa zikazimika tena. Mwenye studio alisema pole, labda wiki ijayo. Kalunde aliegemea ukuta akacheka kicheko kibaya ambacho Linet, binti yake, hakuwahi kukisikia.

"Wiki ijayo," alisema. "Ee, wiki ijayo nitakuja tu."

Mtu aliyewaokoa, kama kuokoa ndilo neno, aliitwa Laban. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja huko Mavoko, na wikendi alirekodi kwaya za makanisa. Jeremiah alimfahamu. Ijumaa walimkuta langoni akitoka zamu, vumbi la kiwanda likiwa bado kwenye nyusi zake.

"Niko na mashine ya kanda, inatumia betri ya gari," alisema. "Niko na maiki nne. Lakini vyombo vya stima hapana. Mnipigie vyombo vikavu. Gitaa ya mbao, ngoma, kayamba, watu na midomo yao."

"Na tukikosea?" Urbanus akauliza.

"Mkikosea mmekosea. Hakuna kukata kipande turudie. Mnapiga wote pamoja, mara moja, kama mko mbele ya watu."

Kalunde, ambaye alikuwa ameanza kuweka akiba ya sauti yake kwa kunong'ona, alimshika Laban mkono. "Mimi sijui njia ingine ya kuimba."

Katekista Musili aliwapa ufunguo wa ukumbi wa kanisa pale Kalama, jengo la mawe lenye paa la mabati, mbali na barabara. Jumamosi asubuhi walitundika mablanketi madirishani ili sauti isirukeruke. Mwangangi, mpiga ngoma wao, alikuja na ngoma yake na kayamba. Jeremiah alikuwa ameazima gitaa kuukuu la mbao, akalilegeza nyuzi nene hadi zikanguruma. Linet, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alisimama nyuma ya mama yake kuitikia. Laban akavaa hedifoni, akapiga magoti mbele ya mashine yake kama mtu anayesali, akainua kidole.

Nyimbo zilizopangwa zilikuwa saba. Sita kila mtu alizijua. Wa saba Kalunde aliutunga akiwa amelala wodini wiki mbili zilizopita, alipokuwa akisubiri majibu, na hakuwahi kumwimbia mtu. Alikuwa amewaonyesha maneno tu, na kumwambia Urbanus amfuate atakavyoweza. "Huo nitauimba mara moja tu," alisema. "Wa mwisho. Sitaki kuutumia kabla."

Wimbo wa kwanza, ule wa mwanamke anayechimba mchanga wa mto akitafuta maji, ulitoka vizuri kuliko walivyotarajia. Sauti ya Kalunde haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa imeshuka chini, ina mikwaruzo, na mahali ilipokuwa ikipaa sasa ilipanda kwa kujivuta. Lakini Laban alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa yamelowa. Wa pili pia ukapita. Kalunde akanywa maji ya moto yenye asali, akamwonyesha Urbanus vidole vitatu.

Hapo ndipo waliposikia watu.

Mwanzoni ilikuwa sauti moja, mwanamke akimwita mwenzake. Kisha kicheko, kisha kilio cha mtoto, kisha punda. Mwangangi akachungulia pembeni ya blanketi. "Ngai wakwa, Mungu wangu," alisema.

Nje palikuwa na watu zaidi ya mia, na wengine walikuwa bado wanapanda mlima. Wengi walikuwa wanawake, kila mmoja na gunia tupu begani au kiondo mgongoni. Katekista Musili alikuja mbio, kofia mkononi, uso umemshuka. Naibu chifu alikuwa ametangaza jana jioni kwamba mwolyo, mahindi ya serikali ya kuwanusuru watu na njaa, yangegawiwa hapo ukumbini saa sita. Hakuna aliyekuwa amemwambia Musili.

"Waende wangojee kule shuleni," Laban alisema. "Hii kelele yote inaingia kwa kanda."

"Lori linakuja hapa," Musili akajibu. "Ukiwaambia waende watafikiri kuna watu wanapewa kabla yao. Itakuwa vita."

Kalunde alisikia yote hayo akiwa amesimama katikati ya ukumbi. Ilikuwa saa nne na nusu. Alihisi koo likivimba, jinsi lilivyozoea kuvimba kila jua lilipopanda. Kufikia alasiri hangekuwa na sauti ya kutosha hata kumwita kuku. Alikuwa amebakiwa na nyimbo tano na saa moja au mbili za sauti, kwa maisha yake yote yaliyobaki. Mfa maji haachi kutapatapa. Kabla Linet hajamzuia alifungua mlango, akatoka juani.

"Nyamazeni!" alipiga kelele. "Nyamazeni! Tokeni hapa! Nendeni mbali, nendeni mkakae huko! Hamuoni watu wanafanya kazi? Mnanimaliza! Mnani—"

Sauti ikapasuka. Aliisikia ikipasuka, kama kitambaa kinachochanwa, na ladha ya damu ikamjaa mdomoni. Alijaribu kuendelea, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

Umati uligeuka. Walimtazama mwanamke huyo mwenye leso shingoni aliyesimama mlangoni akifungua na kufunga mdomo. Kisha bibi mmoja mwembamba, mwenye miguu iliyopasuka kwa vumbi, akasogea mbele akiegemea fimbo. Baadaye walijua jina lake lilikuwa Nthambi.

"Mwanangu," alisema kwa upole. "Mimi nimetoka nyumbani kabla kuku kuwika. Kwetu tumekula mbegu, zile za kupanda. Unataka niende wapi?"

Kalunde aliona aibu. Alirudi ndani, akaketi sakafuni, akafunika uso kwa mikono. Linet akamwinamia.

"Mama, jaribu. Sema kidogo tu."

"Imeenda," Kalunde akanong'ona. "Nimeiua mwenyewe."

Laban alizima mashine ili betri isiliwe bure. Jeremiah alitoka akaenda kusimama nyuma ya ukumbi, na walipomwona anarudi walijua alikuwa analia. Ni Urbanus aliyeanza kupiga gitaa, polepole, bila kumtazama mtu, wimbo wa tatu, ule wa mumewe Kalunde: *Upande wa ukuta bado ni wako, mimi nalala kwenye ukingo.* Aliupiga chini sana, akaushusha hadi mahali ambapo mtu angeweza kuuimba karibu kwa kusema.

Kalunde aliinua uso. Alijaribu mstari wa kwanza. Ilitoka sauti nyembamba, ya moshi, lakini ilitoka, na ilikuwa na noti ndani yake.

"Hiyo maiki haitaipata na kelele ya nje," Laban alisema taratibu. "Pole, Mama Linet. Haitaipata."

Kalunde akamvuta Linet, akamnong'oneza sikioni kwa muda. Linet akasita, akatikisa kichwa, mama yake akamsukuma. Msichana akaenda mlangoni.

"Mama yangu anasema mumsamehe," alisema kwa sauti inayotetemeka. "Anasema muingie ndani, kuna kivuli. Anasema... Jumatatu watamkata koo wamtoe sauti. Hataongea tena. Leo ndiyo tunaweka nyimbo zake. Anawaomba mkae kimya hadi lori lije. Ni hiyo tu."

Waliingia. Waliingia wakivua kandambili, wengine wakiwa na watoto mgongoni, wakaketi sakafuni bega kwa bega hadi nafasi ikaisha, na waliobaki wakasimama milangoni wakiziba mwanga. Ukumbi ulijaa harufu ya jasho na magunia. Mtoto alipolia mama yake alimpa titi. Mzee aliyekuwa na kikohozi alijitia kona ya shati mdomoni. Bibi Nthambi aliketi mbele kabisa, karibu na ngoma ya Mwangangi, fimbo mapajani.

Laban akainua kidole.

Hivyo ndivyo zilivyorekodiwa nyimbo nne za mwisho. Kalunde aliimba akiwa ameketi, mdomo umekaribia kugusa maiki. Hakuna mtu wa bendi aliyepiga kwa nguvu. Mwangangi aliigonga ngoma kwa ncha za vidole tu, na kayamba ikawa kama mtu anayepepeta nafaka nyumba ya pili. Sauti ilipomkatikia Kalunde katikati ya neno, Linet aliingia chini yake akalimalizia, akatoka. Katika wimbo wa nne kulikuwa na kiitikio ambacho zamani Kalunde alikipandisha hadi juu kabisa, na watu wa baa walikuwa wakipiga meza kukisubiri. Alikikaribia, akajua hatakifikia. Akanyamaza. Gitaa likaendelea peke yake kwa pigo moja, mawili. Kisha mahali fulani nyuma mwanamke mmoja akakiimba, kwa sauti isiyofundishwa, kwa kuwa alikijua kutoka kwenye harusi ya nani sijui. Wengine wakamfuata, hawakupaza sauti. Kalunde aliwatazama watu aliokuwa amewafukuza saa moja kabla, na machozi yakamshuka hadi kwenye leso. Hakupata faraja. Alichokiona ni yote aliyokuwa anakwenda kupokonywa, yameketi sakafuni mbele yake.

Wa tano. Wa sita.

Wimbo wa sita ulikuwa umefika nusu, na ulikuwa ndio uliotoka vizuri kupita yote, wakati honi ya lori iliposikika mlimani.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama. Vichwa vikageuka, vikarudi. Honi ikalia tena, karibu zaidi, na mtu nje akapiga kelele kwamba magunia ni machache. Hapo ukumbi mzima uliinuka kwa mara moja. Miguu, fimbo, watoto wakilia, akina mama wakiitana majina, kiti kimeanguka, mlango umegonga ukuta. Maiki moja ilipigwa teke. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hata nyumbani kwa Kalunde mtungi wa mahindi ulikuwa umekaribia kuisha, na hakuwalaumu. Alifumba macho akaendelea kuimba. Urbanus akaendelea naye. Waliumaliza ubeti wa mwisho katika ukumbi mtupu, vumbi likiwa bado linaelea, na aliyebaki alikuwa Bibi Nthambi peke yake, ambaye hangeweza kukimbia na alijua hivyo.

"Imba, mwaitu, imba mama," bibi alisema wimbo ulipokwisha. "Mimi mjukuu wangu atanishikia foleni."

Ukabaki wa saba. Kalunde alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alikohoa, akatema damu kwenye leso, akanywa maji, akajaribu tena. Pumzi. Akajaribu mara ya tatu, na shingo yake ikasimama mishipa, na bado ilikuwa pumzi.

"Mama, niachie niuimbe mimi," Linet alisema. "Niko na maneno. Ninong'oneze tu sauti inavyoenda."

Kalunde alimtazama binti yake. Baadaye, katika miezi iliyofuata, hakuna dakika aliyoirudia kichwani kuliko hiyo. Angeweza kujaribu. Bado alikuwa na mnong'ono; angeweza kumwelekeza, mstari kwa mstari, jioni hiyo, kesho yake Jumapili mchana kutwa. Lakini alikuwa amechoka, alikuwa na hasira, na ndani yake kitu kilikataa kabisa, kwa wivu wa mtu anayezama akimwona mwingine ufukoni. Nyimbo zote zilikuwa zimekwenda. Huo mmoja ulikuwa wake. Akatikisa kichwa. Akaikunja karatasi ya maneno, akaitia kifuani.

Laban akazima mashine.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu kama ilivyopangwa, na ulikwenda vizuri, daktari alifurahi. Kalunde aliamka na bomba shingoni. Mwezi wa pili baada ya hapo alirudi Kalama, akiandika kila alichotaka kusema kwenye daftari la shule.

Kanda ilitoka mwaka uliofuata, nyimbo sita, picha yake kwenye jalada akiwa amefunga leso. Laban alikuja mwenyewe kumuuliza kama akate ile kelele ya lori na watu kukimbia. Alisikitika, alisema, ndio wimbo bora na umeharibika. Kalunde aliandika kwenye daftari: *Acha. Hawakunikosea.* Kanda ikaanza kusikika sokoni Tala, kisha Machakos mjini, kwenye vinyozi, kwenye maduka ya vitambaa, na watu walipofika pale pa lori walinyamaza, maana kila mmoja alijua hiyo ni njaa ya mwaka gani. Wageni walikuja nyumbani kumpa mkono. Yeye mwenyewe hakuweza kuisikiliza. Linet alipoiweka, Kalunde aliondoka akaenda mwisho wa shamba, akakaa huko hadi ikaisha. Hakuna aliyemlazimisha.

Jioni moja, baada ya mvua za kwanza, alimwita Linet na Urbanus. Akatoa karatasi ya wimbo wa saba, imechakaa kwa kukunjwa, akaandika chini yake: *Nilikosea. Nifunzeni kuutoa.*

Lakini wimbo unatolewaje na mtu asiye na sauti? Hakuweza hata kupiga mluzi, kwa kuwa pumzi yake haikupita tena mdomoni. Walikaa kibarazani. Urbanus alipiga noti moja kwenye gitaa. Kalunde akatikisa kichwa, akainua mkono: juu. Akapiga nyingine. Juu tena, kidogo. Akapiga. Ndiyo. Linet akaiimba ile noti na silabi yake, Kalunde akamgongea mapigo kwenye goti. Jioni hiyo walipata maneno matatu. Ya pili wakapata mstari, na kufikia Krismasi walikuwa na mistari mitatu, na Linet alipoiimba pamoja mfululizo, Kalunde aliweka mkono kinywani, mabega yakamtetemeka.

Mstari wa nne, wa mwisho, uliwashinda. Kulikuwa na mahali ambapo sauti ilipaswa kugeuka, kati ya noti na noti, mahali ambapo gitaa la Urbanus halikuwa na nyuzi zake. Linet alijaribu hivi, akajaribu vile. Hapana. Hapana. Wakati mwingine Kalunde alikasirika akatupa daftari chini, akaenda kulima giza likiingia. Wakati mwingine Linet ndiye aliyelia, akasema, "Mama, mimi si wewe, nitafanyaje?" Walikuwa wakiacha kwa miezi kisha wakarudi.

Mwaka wa tatu, Jumapili moja baada ya kanisa, Linet aliuimba mstari huo bila kufikiri, huku akichambua maharagwe. Kalunde alisimamisha mikono. Alimtazama binti yake kwa muda, akaitikia kwa kichwa: ndiyo. Linet akaruka, akamkumbatia, akakimbia kumwita Urbanus.

Tangu hapo Linet ameuimba wimbo huo mara nyingi, na watu wanaupenda. Ila hajawahi kujua, na hajathubutu kuuliza, kama siku ile mama yake aliitikia kwa kuwa ndio wenyewe, au kwa kuwa alikuwa amechoka.